Karani Anasema Bibi Si Mzazi

4 Februari

Bibi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inakwenda. Bado niko stoo ya dawa, napanga maboksi na kubandika tarehe za kuharibika. Nimehama chumba. Hiki cha sasa kina dirisha, japo linatazama ukuta wa jirani. Mjomba hajambo? Na magoti yako yanasemaje?

Bibi, naolewa. Ni yule fundi wa majokofu niliyekutajia, anayekuja kutengeneza jokofu letu la chanjo. Amepata kazi kwenye kiwanda cha maziwa, mbali na hapa, na anatakiwa kuanza mwezi wa saba. Kiwanda kinatoa nyumba kwa mfanyakazi mwenye mke, ila mke wa cheti. Bila cheti atapewa kitanda kwenye bweni la wanaume, na mkataba wake ni wa miaka mingi.

Tutafunga ndoa kwa msajili. Karani wa pale alinitajia vitu akivihesabu kwa vidole: cheti cha kuzaliwa, picha zinazoonyesha masikio yote mawili, barua ya ofisi ya mtaa nilikokulia kwamba sijawahi kuolewa, na kwa vile sijafika miaka ishirini na moja, ruhusa ya mzazi. Kwa upande wa baba, cheti chake cha kifo kinatosha. Karatasi zikikamilika, tangazo linakaa ubaoni wiki tatu, mwenye pingamizi aseme. Ndipo leseni inatoka.

Naomba unitafutie barua ya mtaa na hicho cheti cha baba. Ningepiga simu, lakini najua utakata.

Mjukuu wako


19 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Tupo. Magoti ni yale yale, sijapewa mengine. Mjomba wako yupo, anakunywa chai na kuilaumu serikali. Barua yako nimeisoma mwenyewe mara mbili, ya pili kwa sababu siku hizi unaandika kama daktari. Simu sitaki, umesema kweli. Nikishika simu hapa uani wapangaji wote wanaacha kusugua sufuria ili wanisikilize vizuri.

Kwa hiyo unaolewa. Umeanza na dirisha ndipo ukafika kwa mume. Haya. Na babu yako umemwacha bila talaka, nikimfuata huko aliko nitamwambia mke wake mdogo kaenda wapi? Utanigombanisha na marehemu.

Nimekwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akavaa miwani, akauliza, "Mama, una hakika hajawahi kuolewa?"

Nikamwambia, "Aliolewa na babu yake. Andika hilo ukipenda."

Hakucheka. Akapiga muhuri ukapinda. Nikamwambia apige mwingine. Akasema mmoja unatosha. Nikakaa palepale kwenye kiti chake cha wageni, nikanyoosha miguu, mpaka akapiga wa pili.

Cheti cha kifo cha baba yako kiko humu. Kilikuwa na mikunjo, nimekipiga pasi, nimeweka kitambaa juu, usianze kupiga kelele.

Na hiyo ruhusa ya mzazi nimekuandikia mimi, iko humu pia, nimeweka saini na dole gumba, vyote viwili, wasije wakaleta maneno. Usihangaike kumtafuta mtu mwingine. Ati miaka ishirini mtu anaitwa mtoto. Mimi wa umri wako nilikuwa nafua mashuka ya nyumba nzima ya wageni, na mtoto mgongoni, na hakuna karani aliyeniuliza habari za masikio.

Muulize huyo Fundi kama anajua kupiga pasi. Asipojua, mrudishe kwao.

Bibi yako


6 Machi

Bibi,

Shikamoo. Vitu vyote vimefika. Cheti cha baba kimenyooka kuliko cha kwangu. Nakushukuru, na Fundi anakushukuru. Anasema pasi anajua kuitengeneza, kuitumia bado.

Nilipeleka Jumanne. Karani alipofika kwenye ruhusa yako akasimama.

"Hii kaandika nani?"

"Bibi yangu."

"Mzaa baba?"

"Mzaa mama."

"Bibi si mzazi."

Nikamwambia, "Amenilea tangu sijaota meno."

"Dada, mimi sibishani na wewe. Kulea kakulea, na kakulea vizuri naona. Lakini sheria inamtaka aliyezaa. Mama yako yuko wapi?"

Nikasema sijui.

"Amefariki?"

Nikasema sijui. Karani akaniangalia kana kwamba nimeulizwa jina langu nikalisahau.

Lakini si mtu mbaya. Alinieleza. Mama akiwa hai, aje na kitambulisho asaini mbele ya msajili. Akiwa amekufa, kiletwe cheti kama cha baba. Akiwa hajulikani aliko, basi aliyenilea aende kwa hakimu, hata huko aliko, aape kwamba hajui mama yupo wapi wala hana njia ya kujua. Mahakama itatoa ruhusa mahali pake.

Hiyo ya tatu ndiyo yetu, Bibi. Ni kwenda, kuapa na kurudi. Fadhali fanya mapema, maana tangazo haliwezi kubandikwa ruhusa isipokuwepo.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mjomba wako jino limemvimba, uso umekuwa kama mkate. Kung'oa anaogopa, kulala halali, na wengine hatulali kwa sababu yake.

Huyo karani mwambie nimemsikia. Bibi si mzazi. Ulipopata surua nani alikaa na wewe juu ya godoro, karani? Ulipokimbia shule ukajificha nyuma ya pipa la maji, alikuvuta sikio nani? Mwambie aje hapa nimuonyeshe mikono yangu, halafu arudi aandike tena hayo maneno yake.

Mwenye nyumba ya wageni amenunua mashuka ya rangi. Nilimwambia rangi hii itatoka, akasema mwenye duka amemhakikishia. Imetoka. Mashuka meupe yote sasa yana wekundu, na ananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeyapaka. Nimeyaloweka tena. Yakikataa yatakataa.

Mvua zimeanza, nguo hazikauki. Nakunja mbichi, nakunjua, naanika tena ndani.

Vaa viatu vya kufunika, hiyo stoo ina sakafu ya baridi.

Bibi yako


11 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Pole kwa mashuka na mpe Mjomba pole ya jino.

Nimesoma barua yako mpaka mwisho, nikaigeuza nyuma nione kama uliendelea. Hukusema lolote kuhusu hakimu.

Najua hupendi ofisi. Lakini Fundi ameshajibu kiwandani kwamba atakuja na mke. Wamemwandikia nambari ya nyumba. Ina vyumba viwili na bomba ndani. Jana alinichorea sakafuni kwa chaki, hapa mlango, hapa jiko. Mwezi wa sita ukiisha hatuna leseni, nyumba anapewa mwingine, naye anakwenda peke yake. Sikulalamikii, nakueleza tu ilivyo.

Ni kiapo kifupi. Karani anasema hata dakika kumi hakimalizi.

Mjukuu wako


25 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Jino limeng'olewa. Analionyesha kila mtu.

Nimekwenda huko mahakamani kama ulivyotaka. Nilivaa lile gauni la bluu. Nilikaa kwenye benchi na mwanamke aliyekuja kubadili jina. Nikaitwa. Binti wa pale ana adabu, alinisomea polepole kwa sababu sikuwa na miwani. Mimi fulani naapa kwamba sijui, wala sina njia ya kujua, aliko mwanangu fulani.

Akanipa kalamu. Nikamwambia, mwanangu, nipishe nitoke nje kidogo. Nikatoka. Nikarudi nyumbani.

Siapi. Usiniulize.

Bibi yako


3 Mei

Bibi,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki nzima hii. Naiweka mfukoni mwa koti la kazi, nabandika tarehe kwenye maboksi, naitoa, naisoma.

Wewe huogopi mahakama. Huogopi mtu. Ulimfanya mwenyekiti apige muhuri mara mbili. Mtu asiyejua angeapa akaenda zake, asingekuwa na sababu ya kutoka nje.

Kwa hiyo unajua.

Nilidhani nikiandika neno hilo nitasikia kitu. Sijasikia kitu. Nimeosha vyombo, nimekwenda kazini. Fundi ananiuliza nina nini, namwambia sina kitu, na ni kweli.

Nikiwa mdogo nilikuuliza mara moja, ulikuwa unapuliza mkaa wa pasi. Ulisema, "Kalete maji." Nikaleta maji. Sikuuliza tena. Sasa nakuuliza mara ya pili. Yuko hai?

Mjukuu wako


17 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Yuko hai.

Anakaa mji ambao mtu akipanda basi alfajiri anafika kabla ya jua kukolea. Ana mume, ana watoto wawili wa kiume. Kazi yake cherehani, anashona sare za shule barazani kwake. Huyo mume alimuoa akijua kwamba hajawahi kuzaa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, na mimi sikuwepo kumwambia vingine.

Alikuwa anakuja hapa. Wewe ulikuwa shule. Anakaa juu ya beseni lililopinduliwa, ananisaidia kukunja mashuka. Haulizi sana. Siku moja sare yako ilikuwa kwenye kamba, akaiteremsha akaikunja. Aliikunja vibaya, nikaikunja upya. Ikikaribia saa yako ya kutoka shule anaaga.

Aliniomba nisiseme. Nikamwambia sitasema. Nikikubali neno nimekubali, unanijua. Wewe ulikuwa na chakula na sare na sikio la kuvutwa, yeye alikuwa na nyumba ya kulinda. Mimi nilikaa katikati nikafua. Usitegemee nikulilie kwenye karatasi, machozi sina, na hata ningekuwa nayo kalamu hii inavuja vya kutosha.

Lakini kuapa mbele ya hakimu kwamba mwanangu simjui aliko, hapana. Kunyamaza ni kazi moja na kuapa ni kazi nyingine.

Sasa sema unachotaka nimwambie. Nitampelekea mwenyewe. Nitalibeba kama lilivyo, mimi si mtu wa kutia chumvi.

Bibi yako


23 Mei

Bibi,

Shikamoo.

Mwambie sitaki kumwona. Nataka saini yake tu.

Ofisi ya msajili, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Jumatano tarehe tisa mwezi wa sita, saa tatu asubuhi. Aje na kitambulisho. Hakuna atakayemtangaza kwa mumewe, ubao wa matangazo uko huku, si huko kwake.

Mjukuu wako


1 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimekwenda na nimerudi. Magoti yamevimba, nimeyafunga kanga.

Nilimkuta kwenye cherehani. Wanawe walikuwa pale wanakula, wakainuka, "Bibi! Bibi!" Ndiyo, na wao wananiita Bibi. Ni wajukuu zangu, wataniita nani? Nikawaambia wakale ndani.

Akauliza, "Mama, kuna msiba?"

Nikasema, "Hakuna msiba. Kuna harusi." Nikamtajia ya nani.

Akaendelea kushona. Alishona upindo mzima wa sketi mpaka mwisho. Nikamweleza habari ya karani, ruhusa, na ile nyumba yenye bomba ndani. Kisha nikampa maneno yako. Nikamwambia, "Anasema hataki kukuona. Anataka saini yako tu."

Akasema, "Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Sijapunguza."

Akakata uzi kwa meno. Akauliza ghorofa ya ngapi. Nikamwambia ya pili, mlango wa kijani. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema basi langu linaondoka.

Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Mimi nimefikisha.

Bibi yako


10 Juni

Bibi,

Shikamoo. Pole kwa magoti. Chemsha maji ya chumvi.

Jana nilikwenda mapema, mlinzi alikuwa bado anafungua madirisha. Fundi alikuja na mimi, nikamwambia abaki chini kwenye ngazi. Nilivaa gauni la kijivu lenye vifungo, nikasuka nywele upya, si kwa ajili yake, kwa sababu zilikuwa zinahitaji.

Nilikaa kwenye benchi linalotazama ngazi. Kila mwanamke aliyepanda nilimtazama. Mmoja alikuwa mnene na amechoka, akanisalimia, nikasimama. Alikuwa anamtafuta mtu wa ardhi, mlango wa tatu. Mwingine alikuja akakaa karibu yangu akatoa kitambulisho kwenye mkoba, akakishika mapajani. Nilitazama mikono yake muda mrefu. Kisha mume wake akatokea na wote wawili wakaingia.

Saa tano karani alitoka na kikombe chake. Akaniona.

"Wewe mbona umekaa hapo?"

"Namsubiri mama."

"Mama yako si alikuja jana?"

Nikamwambia leo ndiyo Jumatano.

"Najua. Hata yeye nilimwambia, mama, binti yako nimemwandika kesho. Akasema anajua. Akauliza kama sheria inamlazimisha kuwepo siku ile uliyopangiwa. Nikamwambia hapana, saini ni saini. Akasaini, akashukuru, akateremka. Hakuniambia kama hamjaongea."

Akaniletea nione. Ametia saini mahali pake. Mwandiko wake umelala upande mmoja, ni mzuri kuliko wako na wangu. Pale wanapouliza uhusiano na mwombaji ameandika mama mzazi. Hakukata wala kufuta.

Tangazo limebandikwa saa ileile. Nilisimama nikalisoma. Jina langu, jina la Fundi, majina ya wazazi, yote kwa mashine, chini ya kioo. Fundi alifurahi sana, alimpa mlinzi mkono. Mimi nilikuwa naangalia midomo yake anavyoongea.

Nimepata nilichoomba, najua. Sina la kulalamika.

Ila Bibi, ulimwambia nini hasa?

Mjukuu wako


24 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Maji ya chumvi nimechemsha, yamesaidia kidogo. Mjomba wako ameanza kulalamikia jino la upande wa pili.

Nilimwambia ulichosema. Niliandika kwenye barua ya juzi, rudia kuisoma. Ungetaka nimwambie lingine ungeandika lingine. Watoto wa siku hizi mnamtuma mtu mzima na maneno ya mawe, halafu mnashangaa alipofika hayakuwa pamba.

Alipita hapa siku ile ya Jumanne, akitoka huko kwenu. Sikuwa namtarajia. Nilikuwa na maji ya moto kwenye beseni. Akakaa. Nikamuuliza, "Si ni kesho?"

Akasema, "Hataki kuniona, Mama. Kwa hiyo nilikwenda siku ambayo hatakuwepo."

Nikamwambia, "Umefanya sawa."

Nikasugua shuka moja. Nikatazama, nikakuta ni lile nililokwisha kulisugua. Maji yalipoa, wala sikuyapasha tena siku ile, na mwenye nyumba ya wageni alikuja jioni akakuta hakuna kilichoanikwa. Alifungua mdomo kuniambia neno, akaniona, akarudi zake.

Mumewe aliambiwa kwamba anakuja kunitazama magoti. Sijui kama ameamini. Hilo ni la kwake, atalibeba mwenyewe.

Kuja huko kwenye harusi sitakuja, miguu haiwezi. Fundi wako mwambie nimempokea, na kwamba nguo zake za kazi ziloweke peke yake, mafuta ya mashine hayachangamani na nguo za watu. Mkifika kwenye hiyo nyumba, fungua bomba uache litiririke kwanza, maji ya mwanzo ya bomba jipya yana kutu.

Kuna kitu kingine. Alipokuwa anaaga aliniomba anwani yako. Nikafikiri. Ulisema hutaki kumwona, na hujamwona, hapo nimekutimizia. Habari ya kuandikiwa hukunikataza. Nimempa ya stoo, na nimempa ya kiwandani, kwa sababu sijui kama atapata moyo wa kuandika mwezi huu au mwakani.

Akikuandikia utajibu au utaacha, una mkono wako. Ila mimi msinitume tena. Nimepita kati yenu tangu hujaota meno. Kuanzia sasa semezaneni wenyewe.

Bibi yako